Sauti ya Mwalimu Joachim, Tabora

Nilikwenda Tabora kwa sababu ya simu ya Mama Kulwa. Yeye ni mwenyekiti wa kwaya moja ya wakulima wa tumbaku nje kidogo ya mji, na si mtu wa kupiga simu ovyo. "Dada Felista," alisema, "mzungu wako amenyamaza. Hasemi, haimbi, hospitali hataki. Njoo umwone kabla mambo hayajaharibika."

Mzungu wangu ni Mwalimu Joachim, Mjerumani aliyenifundisha kuimba nilipokuwa masomoni kwao. Baada ya mkewe kufariki alikuja kututembelea Dar es Salaam, akanisikia nikizungumza na Mama Kulwa kuhusu kwaya iliyokosa mwalimu, akasema atakwenda mwezi mmoja. Alikuwa na mwaka wa pili sasa, amepanga chumba nyumbani kwa mama huyo, mtaa wa Gongoni.

Alfajiri nilipanda treni ya umeme hadi Dodoma. Nilibeba nguo chache, na katikati yake gauni jeusi. Sikumwambia mtu kwa nini nimelibeba.

Dodoma nilibadilisha, nikapanda basi la Tabora. Kuanzia hapo barabara inafuata kwa kiasi kikubwa njia ya misafara ya zamani, ile ambayo wapagazi wa Kinyamwezi waliipita kwa miguu na pembe za ndovu mabegani. Mwalimu aliposikia kwamba wapagazi wale walitembea wakiimba, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia, alinichosha kwa maswali. Walivuta pumzi wapi? Nani aliimba sauti ya chini? Nilimjibu kwamba sikuwepo.

Baada ya Itigi nyumba zilipungua, pori likafunga pande zote mbili. Nilikuwa na saa nyingi za kumfikiria.

Baba yake alikuwa fundi wa injini za treni katika mji mdogo, na yeye mwenyewe alianza kama seremala. Padri wao ndiye aliyemsikia kanisani akamsukuma chuoni. Huko akajifunza opera, michezo ya jukwaani ambamo watu huimba badala ya kusema, bila kipaza sauti, mbele ya ukumbi mzima. Sauti yake ni baritoni, iliyo kati ya besi, sauti nzito ya chini, na tena, sauti ya juu ya wanaume. Mara ya kwanza jukwaani aliimba sentensi moja tu: aliingia, akatangaza kwamba mfalme anakuja, akatoka. Miaka kadhaa alikuwa mtu wa namna hiyo, tarishi au askari wa gereza. Siku moja mwimbaji mkuu wa jumba kubwa la opera akaugua, wakatafuta mtu yeyote aliyeijua sehemu ile, wakampata Joachim akiwa ameshika brashi anapaka rangi jiko lake. Aliimba siku hiyohiyo, rangi ingali kwenye kucha. Tangu hapo hakukosa kazi hadi alipostaafu. "Lakini sijawahi kumwoa msichana jukwaani," alizoea kuniambia. "Msichana ni wa tena. Baritoni ni baba anayekataa posa."

Na jambo jingine aliniambia mara moja tu. Baba yake alianza kwa kukauka sauti. Ilikuwa saratani ya koo.

Jua likizama tuliingia Tabora. Bajaji ilinifikisha Gongoni, nikamkuta Mwalimu uani amekaa kwenye kigoda, anamenya karanga. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, Mwalimu."

Alifungua mdomo. Kilichotoka hakikuwa marahaba, kilikuwa mkwaruzo. Mtu aliyewahi kujaza jumba zima la opera! Niligeuza uso nikajifanya natafuta pa kuweka mkoba.

Tulikula ugali na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa na kuungwa kwa karanga. Kisha nikamwomba twende hospitali kesho yake. Akatikisa kichwa. Nikabembeleza. Akanong'ona, "Najua ni nini, Felista. Niache."

Mama Kulwa, aliyekuwa akikusanya vyombo, akasimama.

"Babu, mimi sijasoma muziki," alisema. "Lakini kwaya imesimama na watu wananiuliza. Kama unakufa, tuambie tujipange. Kama hufi, njoo mazoezini. Huku katikati unatutesa."

Nilidhani atakasirika. Mabega yake yalianza kutikisika, nikaona anacheka, bila sauti, machozi yakimtoka. Akainua mikono kama mtu aliyekamatwa.

Asubuhi tulikuwa hospitalini. Daktari wa koo alikuwa dada mmoja mpole, akamweleza kila hatua kabla ya kuigusa. Aliingiza puani mrija mwembamba wenye kamera. Mwalimu alinishika mkono, akaubana hadi vidole vikafa ganzi. Mimi niliangalia sakafu. Sikuthubutu kuangalia kioo cha kamera.

"Babu unafanya kazi gani?"

"Anafundisha kwaya," nikajibu.

"Wapi?"

"Kwenye stoo, karibu na bani." Bani ni kibanda cha kukaushia tumbaku kwa moto wa kuni.

"Basi ndiyo hayo. Nyuzi za sauti zimevimba kwa moshi na kwa kuzilazimisha. Saratani sioni hapa. Kilichopo ni uvimbe wa kuchoka, utapona."

"Una hakika?" Mwalimu alinong'ona.

"Nina hakika na ninachokiona. Utarudi niangalie tena. Na usinong'one, kunong'ona kunaumiza zaidi. Nyamaza kabisa, unywe maji, na moshi ukome."

"Na asali?" nikauliza, maana Mama Kulwa alikuwa akimnywesha kila siku.

"Ale, ni tamu. Ila kwenye nyuzi haifiki."

Nje ya mlango Mwalimu aliegemea ukuta, akafunika uso kwa viganja. Nilimkumbatia. Mapigo ya moyo wake niliyasikia kwenye shavu langu.

Jumapili mchana mazoezi yalihamia Kipalapala, kwenye uwanja wa jirani mmoja mkulima, mbali na moshi. Mwalimu aliongoza kwa mikono na nyusi tu. Besi walipochelewa aliwakazia macho hadi mmoja akaomba radhi. Kwa kuwa hakuweza kuwaeleza kitu, hakuna aliyethubutu kuangalia pembeni, na sijapata kuwasikia wakiingia pamoja vile. Mama Kulwa alinong'ona, "Heri angenyamaza mapema."

Jumatatu walinisindikiza stendi. Mwalimu aliweka kiganja kifuani, akainama, kama walivyofanya kwao jukwaani pazia likishuka, na abiria wawili wakapiga makofi bila kujua kwa nini.

Njiani niliwaza kwamba koo lilimnyima kuimba, lakini hofu ndiyo iliyomfungia uani, akiugua ugonjwa wa baba yake. Nami nilikuwa nimeugua naye tangu Dar, kimyakimya. Alitakiwa mtu wa kuuliza waziwazi, na sisi wawili tuliosoma muziki hatukuuliza.

Karibu na Manyoni machozi yalinitoka. Mama aliyeketi kando yangu akanigusa goti.

"Pole, dada. Mmefiwa?"

"Hapana, mama," nikamwambia. "Hatukufiwa."