Nilichagua cleric badala ya wizard kwa ajili ya dada yangu, sasa nimekwama

Wakuu, habari za jioni. Haya yamenitokea mwenyewe, sijatia chumvi.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Tangu nimalize form four nimeishi Kahama, Tunduma, Mpanda, na kila nilikokaa nilikumbuka nilikotoka. Mwaka jana nikarudi Kinampanda, Iramba, kwa sababu mdogo wangu Elipendo alikuwa anaumwa moyo.

Elipendo alijifunza chuoni ule mchezo wa mezani wa mashujaa. Mmoja anasimulia, wengine wanaamua, dadu inahukumu. Msimulizi alikuwa yeye. Wachezaji ni mimi na binamu yetu Yona.

Nikatakiwa kuchagua shujaa wa kucheza. Wizard, yaani mchawi, anasoma vitabu, anarusha moto, anatoweka hapa na kutokea nchi nyingine. Cleric, yaani kasisi, anaomba na kuponya, ila lazima amguse mgonjwa.

Mama akasikia kutoka jikoni.

"Humu ndani kuna mgonjwa. Sitaki mtu achague uchawi. Majirani watasemaje?"

Yona akacheka. "Mama mkubwa, ni wa kwenye karatasi tu."

"Hata wa karatasi! Chagueni maombi."

Elipendo akaninong'oneza, "Kaka, chukua tu wizard. Kutoweka umeshazoea."

Tulicheka wote, lakini iliniingia. Nikachukua cleric.

Tulicheza jioni nyingi, tukitoka kupiga alizeti. Siku ambazo Elipendo amevimba miguu alisimulia akiwa amelala.

Hali ikawa mbaya, tukampeleka hospitali Kiomboi. Siku moja mchana akasema kwa sauti ndogo, "Cleric, fanya kazi yako."

Nikamshika mkono, nikarusha dadu juu ya shuka.

Mama akainama. "Imetoka ngapi?"

Ishirini. Dadu ya mchezo ule ina pande ishirini, hakuna namba inayoizidi.

"Basi nimepona," Elipendo akasema, akatabasamu.

Wiki ile ile tukamzika.

Wengi humu huuliza class ipi, yaani aina ipi ya shujaa, ina nguvu zaidi. Mimi nimejifunza kwamba cleric hana nguvu yoyote. Alinifanya nikae karibu tu. Hilo silijutii, ila linauma.

Sasa mama ndiye anayeuliza, "Leo hamchezi?" Yona anataka nisimulie mimi. Nakaa, naishika dadu, kisha naiweka chini, maana aliyejua mashujaa wetu wanakwenda wapi ni Elipendo tu.

Mliowahi kufiwa na msimulizi wenu, mliendeleaje? Au mliiacha pale pale alipoishia?