Udongo wa Bi Mwanahawa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika chuo kimoja cha ufundi hapa Kibaha, nilipasua vyungu vya tanuri zima. Nilitaka kujionyesha, nikachoma vyombo ambavyo havijakauka. Maji yaliyobaki ndani yakachemka, vikalipuka kimoja baada ya kingine huku wanafunzi wakihesabu.

"Cheti unacho, mwalimu," alisema Mkuu wa Chuo, "ila udongo huujui. Nenda Msimbu ukafundishwe."

Huko Msimbu aliishi mfinyanzi mmoja mzee, Bi Mwanahawa. Hakuwa na gurudumu la kufinyangia. Chungu kilitulia chini, yeye ndiye aliyekizunguka kinyumenyume, mgongo umeinama. Likizo tatu nilikaa kwake. Alinifundisha kuukanda udongo mpaka hewa itoke, kuuchanganya na vigae vilivyotwangwa ili ustahimili moto, na kukisugua chungu kwa kokoto hadi king'ae. Mwishowe akanipeleka bondeni, kwenye shimo walilochimba mama yake na bibi yake kwa jembe la mkono.

"Hapa usimlete mtu," aliniambia. "Wewe nimekuleta kwa kuwa umekuwa mwanangu."

"Simleti mtu, bibi."

Miaka ikapita, nikahamishiwa sekondari moja Kisarawe. Mkuu wa Shule alipenda maonyesho, akatuandalia meza mbele kabisa. Kazi za wanafunzi wangu, za udongo niliouchota mwenyewe kule bondeni, zikasifiwa kuliko zote. Mfanyabiashara mmoja wa matofali akashika mtungi, akaugonga kwa kucha, ukalia kama kengele.

"Udongo huu mnautoa wapi, mwalimu?"

Nilikuwa nimelewa sifa. Nilimwelekeza mpaka njia ya kupita gari.

Baada ya masika tingatinga likaingia bondeni. Nilipopata habari na kufika, udongo wote ulikuwa umekwenda. Lilibaki dimbwi na vyura. Bi Mwanahawa alikuwa barazani kwake, mikono imelala mapajani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nasikia ulisifiwa sana huko maonyeshoni."

Nililia. Hakunigombeza, wala hakunibembeleza. Alifariki mwaka uliofuata bila kufinyanga tena.

Niliendelea kufundisha, maana mshahara una watoto nyuma yake. Somo langu likafutwa taratibu, tanuri likageuzwa stoo ya madawati mabovu, nami nikastaafu. Sasa naishi Maili Moja. Watu husema kazi ya mwalimu haipotei. Yangu naiona ilivyopotea, na najua aliyeipoteza.

Siku hizi vijana wachache huja uani kwangu Jumamosi. Tunatumia udongo wa kununua, uliofungwa kwenye mifuko. Wiki iliyopita binti mmoja alinitazama nikizunguka chungu, akashangaa.

"Mwalimu, ufundi huu ulifundishwa na nani?"

"Chuoni," nilimjibu, nikainama kuendelea na kazi.