Wimbo Tuliochagua wa Kuingilia Ukumbini

Harusi yangu ilivunjwa na mzee wa Meksiko mwenye kofia pana, mtu ambaye hajawahi kukanyaga Durban.

Tulia nikusimulie.

Naitwa Julienne, nasuka nywele Greyville. Mchumba wangu, Eddy, alikuwa anapakia mizigo kwenye ghala moja kule Mobeni. Kila jioni ananiwekea wimbo mmoja tu kwenye simu. Tarumbeta, magitaa, halafu mzee analia kama amefiwa.

"Muzee iko anaimba juu yako, chérie," ananiambia.

Kihispania hatujui hata salamu. Ila kwa kilio kile, tukasema haya ndiyo mapenzi.

Sasa, sisi Wakongo hatuingii ukumbini kwa kutembea. Maharusi tunaingia tukicheza, taratibu, marraine, yaani msimamizi wa bibi harusi, akitangulia. Tukachagua wimbo ule. Marraine wangu alikuwa Mireille, rafiki yangu wa kufa na kuzikana.

Wiki ya harusi nilikuwa namsuka daktari mmoja Mzulu, aliyesomea Kuba kwa Kihispania. Nikaweka wimbo nifanye mazoezi ya mabega. Akaniangalia kwenye kioo.

"Hawu, sisi," akaniita dada kwa Kizulu. "Huu wa nini?"

"Wa harusi yangu."

"Huyo mzee mpenzi wake kachukuliwa na rafiki yake mkubwa. Anakunywa na kuwalaani."

Nilicheka mpaka chanuo likanidondoka.

Jioni, mazoezini, nikawasimulia Eddy na Mireille, tukiwa watatu tu. Nilitaka tucheke, kisha tutafute wimbo mwingine.

Hakuna aliyecheka.

Mireille akakaa chini, sakafuni. "Nani alikuambia juu yetu?"

"Nyamaza, wewe!" Eddy akamkaripia. Alikuwa ameshachelewa kumziba mdomo.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu Pasaka."

Pasaka ndipo Mireille aliponisindikiza kupima gauni langu.

Niliumia, jamani. Sijifanyi shujaa. Nililia huku nasuka, wateja wakatoka na mistari imepinda. Sare za ndugu zilikuwa zimeshashonwa. Shangazi yangu bado anavaa yake kwenda sokoni.

Wale wawili wakaoana. Shangazi alikwenda, anasema ni kwa ajili ya chakula. Akanitumia video.

Mlango ukafunguliwa. Tarumbeta.

Wimbo uleule! Kumbe Eddy anawaambia watu nilitunga ile tafsiri ili kuwatega, eti wimbo mtamu hivi hauwezi kuwa na maneno mabaya.

Nikampelekea daktari video. Akanijibu kwamba siku ile hatukufika ubeti wa mwisho. Humo mzee anamwambia rafiki yake: aliyeniacha mimi kwa ajili yako, na wewe atakuacha hivyohivyo.

Nikairudia video. Mireille anacheza amefumba macho kwa furaha. Mbele yao anatangulia marraine mpya, msichana mrembo kweli.

Eddy anamwangalia huyo.

Funzo langu ni fupi. Kabla hujacheza wimbo, uliza unasema nini. Na ukishaambiwa, amini.