Shampeni Niliyoiita Juisi ya Zabibu

Mtanicheka, na mna haki, kwa sababu mimi ndiye niliyemlewesha mjane wa miaka themanini na kitu, mwimbaji wa kwaya, Jumamosi mchana akiwa bado na kitambaa chake cha kanisani kichwani, tena mbele ya pasta wake, na nilikuwa nimeenda kwao kuomba wanikubali kuwa mtoto wao.

Miaka ya tisini nilikuwa mhudumu wa mezani kwenye kambi ndogo ya wageni kisiwani Takawiri. Wazungu walikuja kuvua mbuta, sangara wa ziwani, na mtu akipata mkubwa jioni inafunguliwa shampeni, sasa kile kinachobaki kwenye chupa tulikuwa tunamalizia jikoni mimi na mpishi. Mpishi alisema ni chachu kama maziwa yaliyoharibika. Mimi niliipenda kabisa. Nikajua ile nzuri haina sukari nyingi, inanukia mkate uliotoka tu kwenye moto, na vipovu vyake ni vidogo, vinapanda kwa mstari bila haraka (mtu wa Macalder huyo, amekulia kwa uji wa wimbi, leo anachagua vipovu).

Sasa kuhusu kwetu. Baba yangu alizaliwa Macalder enzi za mgodi mkubwa, mama yake akafariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na mpishi wa wachimbaji, mzee mmoja Mkuria aliyempenda kama wake. Kuhusu baba yake mzazi tuliachiwa jina moja tu, Ochola, na Ochola huku kwetu ni wengi kama omena, dagaa wetu. Baba alikufa bila kujua. Mimi nikikuta fomu inayouliza ukoo nilikuwa naandika lolote lililonijia. Lakini mke wangu alipopata mimba ya kwanza nikaanza kukosa raha, maana mtoto akiniuliza sisi ni wa wapi nitamwambia nini?

Ndipo dereva wa boti yetu akaniambia kuna mzee huko Rangwe, upande wa Homa Bay, anaitwa Yusto, ambaye baba yake mdogo Ochola alienda Macalder kuchimba dhahabu na hakurudi. Nikaandika barua. Mzee akajibu: njoo Jumamosi baada ya kanisa (wao husali Jumamosi). Na wiki hiyohiyo mgeni mmoja alikuwa ameniachia chupa nzima ya shampeni, haijafunguliwa. Mtu mwenye akili angebeba sukari na mkate. Mimi nikasema hapana, siku ya kukutana na damu yangu siendi na sukari.

Nikafika nimeifunga kwa gazeti lililoloweshwa maji. Sebuleni walikuwa Mzee Yusto, mke wake, wanakwaya wanne, pasta, na mama yake Mzee, ambaye wote walimwita Dani, yaani bibi. Nikapokewa vizuri, nikaeleza habari zangu, chupa iko mezani. Mzee Yusto akasikiliza mpaka mwisho, akasema taratibu, "Ochola aliharibiwa na pombe. Baba yangu aliapa haitaingia boma hili tena, na haijaingia. Na hii umetuletea ni nini?"

Ningesema ukweli pale ningekuwa nimeaibika kidogo tu. Nikasema, "Ni juisi ya zabibu, Mzee. Ya ng'ambo." (Si zabibu kweli? Nilijitetea hivyo moyoni.)

Basi wakaiheshimu, ikatiwa kwenye maji baridi ya mtungi, pasta akaiombea pamoja na chakula, na mimi nikaifungua kwa ule ustadi wangu wa kambini, ikatoa pumzi tu. Nikawagawia kwenye vikombe vya chai. Wanakwaya wakaonja, wakakunja nyuso, na kwa vile hawakutaka kunivunja moyo wakamsogezea Dani vikombe vyao mmoja baada ya mwingine. Dani alikuwa ameipenda. Alikunywa polepole, macho amefumba, kama mimi jikoni, na kusema kweli hapo nilihisi tuna undugu. Pasta yeye alionja mara moja, akaniangalia kwa muda mrefu, akaweka kikombe chini.

Dani akaanza kuimba, peke yake. Halafu akanyamaza, akanishika mkono, akasema, "Mwanamke wa Macalder alikuja hapa zamani. Ochola alikuwa ameshakufa. Huyo mama alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, bwana yangu akamfukuza. Nilimpa mahindi ya njiani. Sikusema kitu mpaka leo."

Mzee Yusto hakuwa amewahi kusikia habari hiyo. Mimi machozi yananitoka, na hapo ndipo pasta akaniinamia sikioni: "Kabla sijaokoka nilifanya kazi hotelini Mombasa, shampeni naijua. Mwambie Mzee wewe, au nitamwambia mimi."

Jamani. Nikisema, maneno ya Dani yatakuwa maneno ya mlevi, nami nitarudi Macalder nikiwa mtoto asiye na kwao. Nikainuka, nikasema, "Mzee, hii ni pombe. Nilikudanganya." Mwanakwaya mmoja akatoka nje kutema mate. Mke wa Mzee akachukua vikombe vyote akaenda kuvisugua kwa jivu. Dani akauliza kama imebaki.

Mimi nimeshachukua kofia yangu, Mzee Yusto akanionyesha kiti. "Keti," akasema. "Utalala hapa. Kesho asubuhi Mama atakuwa hajanywa kitu. Tutamuuliza tena."

Asubuhi Dani akaulizwa mbele ya uji. Akarudia yote vilevile. Jina la yule mwanamke hakulijua. Mtoto alikuwa wa kiume, hilo alilijua kwa sababu alimbadilisha nguo. Nikasema ukweli wangu pia, kwamba huenda mtoto yule ndiye baba, huenda siye, na sina cha kuonyesha.

"Kama si wewe," Mzee Yusto akasema, "basi kuna mwingine tuliyemfukuza, na hajaja. Wewe umekuja."

Jumamosi iliyofuata nilisimama kanisani kuomba kwaya msamaha, na mwanakwaya yule wa kutema mate alikuwa wa kwanza kunipa mkono. Binti yetu alipozaliwa tulimpeleka Rangwe, Dani akamwita nyakwara, mjukuu wangu, bila kuuliza mtu. Kama Ochola yule ndiye babu yangu, kwa hakika sijui, na sijali tena kama zamani. Shampeni bado naipenda, hiyo sitawadanganya, ila tangu siku ile sijaingia nyumba ya mtu na kitu ambacho siwezi kukitaja jina lake nikiwa bado mlangoni.