Aya Moja ya Sayansi za Binadamu

Mwaka ule hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyejiandikisha mwaka wa kwanza wa anthropolojia. Tulibaki na vijana wachache wa miaka ya juu, nami niliwafundishia ofisini kwangu, kwa sababu ukumbi wetu ulikuwa umepewa watu wa kompyuta. Walibanana kwenye benchi moja. Kupitia ukuta tulisikia darasa la jirani likicheka, watu wengi kwa pamoja, na niliona vijana wangu wakisikiliza kicheko kile zaidi ya maneno yangu.

Mimi ni mtoto wa wavuvi wa pale kwenye maporomoko. Mama yangu alitoka vijiji vya msituni, kaskazini ya mji, na lugha yake ndiyo tuliyoongea jikoni. Baba alijivunia kwamba binti yake anafundisha chuo kikuu, ila rafiki zake walipomuuliza ninafundisha nini, alijibu, "Mambo ya watu." Wao wakacheka: "Mambo ya watu, hiyo nayo inafundishwa?" Profesa aliyekuwa akisimamia tasnifu yangu alifariki kabla sijaimaliza, na hakuna mwingine aliyeijua kazi ile. Bila tasnifu sikuweza kupanda cheo. Kuacha nako nilishindwa, maana dada zangu sokoni walikuwa wameshanihesabu mtu wa ofisi, wakazoea kuniambia, "Wewe uko mutu ya bureau, utauzisha samaki namna gani?"

Basi mkuu wa idara aliponiita asubuhi moja akiwa na uso wa furaha, moyo wangu uliruka.

"Mama, tumepata kazi," alisema. "Kuna mradi wa kulinda msitu. Wafadhili wanataka sehemu ya sayansi za binadamu ndani ya ripoti. Bila hiyo hawaendelei."

"Na sisi tukikataa?"

"Tukikataa, donc, basi, idara yetu inaunganishwa na ile ya mawasiliano. Wameshaniambia."

Sikuwa na sababu ya kukataa. Hatimaye mtu alikuwa anatuhitaji.

Tulikwenda na gari la mradi hadi vijiji vya upande wa mama yangu. Mbele alikaa profesa wa mimea, kiongozi wetu, mtu mpole anayejua kila mti kwa jina. Nyuma nilibanwa katikati ya wageni wawili wa wafadhili, ambao walijua Kifaransa tu. Njiani profesa aligeuka akaniambia, "Madame, wewe ndiwe utatufungulia mlango. Ukiongea lugha yao, watakubali." Nilitabasamu. Baadaye tu ndipo neno lile "watakubali" lilianza kunikera.

Kijijini tulikaribishwa kwenye paillote, banda lao la mikutano, watu wakajaa. Mgeni mmoja alieleza: sehemu fulani ya msitu itawekewa alama nyekundu kwenye miti, na kuanzia hapo hakuna kulima tena. Watu watapewa mizinga ya nyuki badala ya mashamba. Nilitafsiri neno kwa neno. Kisha akasimama mama mmoja mjane, mwembamba, kitambaa cha kijani kichwani. Alinitazama mimi, si wageni.

"Mashamba yangu ya zamani yako kule," alisema kwa lugha ya mama yangu. "Mume wangu na watoto wangu wawili wamezikwa kule. Nikitaka kusafisha makaburi, nitamwomba nani ruhusa? Na wewe mtoto wetu, mbona unasema maneno haya kama ya kwako?"

Profesa aliinama sikioni kwangu. "Fupisha, madame. Sema tu kwamba anauliza kuhusu mashamba."

Nilihisi wageni wakingoja upande mmoja, na watu wa mama yangu upande mwingine. Kila upande uliamini kwamba mimi ni wake. Nilitafsiri yote, hata lile swali lililonihusu mimi. Mgeni aliandika kidogo, akasema jambo hilo litachunguzwa. Watu wakatawanyika bila kusema ndiyo wala hapana.

Niliandika kurasa nyingi kuhusu kijiji kile: nani analima wapi, nani amezikwa wapi, kwa nini shamba lililoachwa bado lina mwenyewe. Ripoti ilipotoka, kazi yangu ilikuwa imekuwa aya moja. Ilisema kwamba jamii ya eneo hilo imehamasishwa na inauelewa mradi. Chini yake palikuwa na nafasi ya sahihi yangu.

Nilimfuata profesa kwenye maabara yake. Alikuwa peke yake, amezungukwa na majani makavu yaliyobandikwa kwenye karatasi.

"Prof, makaburi hayako kwenye ramani."

"Ramani ni ya miti," alisema. Kisha akavua miwani. "Madame, unafikiri mimi nilitaka hivi? Nilisomea mimea kwa sababu niliipenda. Leo ninapima tu kaboni iliyomo kwenye miti, kwani ndiyo wanayoitaka. Weka sahihi. Ukikataa, idara yako inakwisha na msitu hauponi."

Nilirudi ofisini nikaikalia karatasi ile. Vijana wangu walikuja kwa somo, nikashindwa kufundisha. Mwishowe niliweka sahihi, lakini juu yake niliandika kwa kalamu: "Watu hawajakubali. Kuna makaburi ndani." Mkuu wa idara alipoiona alishika kichwa. "Mama, umetumaliza," alisema, akaipeleka hivyo hivyo.

Idara iliunganishwa. Siku hizi ninafundisha mawasiliano ya kampuni katika ukumbi mkubwa, mbele ya vijana wanaotaka kujua namna ya kumshawishi mteja. Wafadhili nao walisogeza alama: miti yenye alama nyekundu ikayaacha nje makaburi ya yule mjane, lakini mashamba ya jirani zake yakabaki ndani ya mstari, pasipolimwa tena. Nilipokwenda kumwona, alinipa kiti na sahani ya sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba sasa jirani wanamtazama vibaya. Wanasema alikuwa na mtoto wake ndani ya mradi, yaani mimi. Nilikula chakula chake.

Mwezi uliopita profesa alinipigia simu. Kuna kijiji kingine, mbele kidogo, na wageni wapya. "Hakuna mwingine anayeijua lugha vizuri," alisema. "Na ukikataa watachukua kijana atakayefupisha."

Alijua kwamba neno hilo lingenishika. Asubuhi ya safari nilivaa viatu vya matope, nikapanda gari, nikakaa nyuma katikati. Profesa aligeuka akaniuliza kama nimekunywa chai.