Sentensi ya Mwalimu Revocatus kwa Ng'ombe wa Butiama

"Swali lolote ambalo kompyuta inalijibu upesi, mimi naliandika kwa sentensi moja ya mantiki."

Revocatus aliyasema hayo Musoma, kwenye kikao cha harusi ya rafiki yake, kipaza sauti mkononi na soda ya tatu tumboni. Watu wakapiga makofi. Walidhani ametoa ahadi ya mchango.

Anafundisha hesabu Buhare, na jioni anasomaga mantiki ya ajabu: huandiki programu ya kuiambia kompyuta ifanye nini, unaandika kanuni ya kueleza unachokitaka, basi. Mambo hayo hayamdhuru mtu. Bahati mbaya kikaoni alikuwepo Mzee Magesa wa Butiama, baba wa Consolata, na Consolata ndiye ambaye Revocatus alikuwa anamposa.

"Jumamosi njoo na sentensi yako," alisema mzee.

Jumamosi akamketisha kwenye kigoda kando ya zizi.

"Nina wake wawili, mwalimu. Nataka kujua ng'ombe hawa watagawanyika sawasawa, au atabaki mmoja wa kugombaniwa. Kwetu ng'ombe hahesabiwi wala haoneshewi kidole, maana watapungua. Andika. Ukishindwa, Consolata ataendelea kunipikia mimi."

Revocatus akatabasamu, akaandika, akasoma. "Ng'ombe mmoja ni wa mama mkubwa. Mwingine ni wa mama mdogo. Hivyo hivyo mpaka waishe."

"Naanza na yupi?"

"Yeyote, mzee."

"Sina ng'ombe anaitwa Yeyote."

"Basi mwenye pembe."

"Wote wana pembe."

Hapo Revocatus akaisoma tena sentensi yake. Kwa kanuni yake ng'ombe wote walikuwa sawa; ilichosema juu ya mmoja ilikuwa imesema juu ya zizi zima. Ikimpa mama mkubwa mmoja, imempa wote.

Mama mdogo, Tereza, alikuwa pembeni anamenya viazi. "Mantiki hiyo naijua," alisema. "Ndiyo ya mji huu siku zote."

Ndipo Revocatus akakumbuka maneno aliyoyaruka kikaoni kwa utamu wa kipaza sauti. Kitabu chake cha mantiki kilisema sentensi ya namna hiyo itapatikana ikiwa vitu vimekaa kwenye mstari. Kompyuta yenyewe hujibu upesi kwa kuwa kila kitu inaletewa kikiwa kimepangwa. Bila mstari, hata wakubwa wa fani bado wanakuna vichwa.

"Mzee, naomba mstari."

"Unataka kuwahesabu."

"Sihesabu. Nataka tu kujua nani anamfuata nani."

Mama mkubwa, Matrida, aliinuka akielekea kwenye lango la zizi. "Si wanapangikaga wenyewe kila asubuhi? Ng'ombe wetu Baka ndiye anatanguliaga, wengine wanafuata."

Revocatus akaandika upya, haraka, kama mtu anayekimbiza gari la mwisho la Bunda: wa mbele ni wa mama mkubwa; anayemfuata wa mama mkubwa ni wa mama mdogo; anayemfuata wa mama mdogo ni wa mama mkubwa. Mtazame wa mwisho tu. Akiwa wa mama mdogo, mgawo ni sawasawa.

Lango likafunguliwa. Baka akatoka, wa mama mkubwa. Mweusi, wa mama mdogo. Wakaendelea kutoka, mzee akiwafuata kwa macho, Consolata akichungulia mlangoni na mwiko mkononi. Wa mwisho alikuwa ndama mvivu mwenye vipembe vichanga. Wa mama mdogo.

Tereza akaweka kisu chini. "Leo nimepewa haki yangu na mgeni."

Mzee akaitikia kwa kichwa polepole, akatabasamu. Mahari ingezungumzwa. Revocatus akaruka kutoka kwenye kigoda, na ualimu wa miaka sita ukampanda: kidole kikamnyookea ndama, sauti ya darasani ikatoka.

"Thelathini na sita."

Matrida akafunika uso kwa kanga.

"Sentensi umeipata," alisema Mzee Magesa. "Mke umempata. Sasa utaleta mbuzi wa kufuta hicho kidole."

Mbuzi dume, mnadani Kiabakari: shilingi elfu tisini na tano.