Neno la Mwaka Nililokuwa Nikiliahirisha

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilifika kituo cha kumenyea kahawa, huku Mbozi, bila viatu. Nilikuwa nimeolewa kutoka kijiji cha Mbebe mwaka huo huo. Msimamizi, mzee mkavu asiyecheka, hakuniuliza jina. Alinipeleka kwenye tangi ambamo kahawa iliyomenywa hulazwa ili utelezi wake uachie, akachomeka fimbo na kuichomoa.

"Shimo limebaki au limejifunika?"

"Limebaki."

"Basi imeiva, ioshwe. Ungesema limejifunika, ningekurudisha kwa mumeo."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Sikuwahi kuingia darasani hata siku moja. Fimbo ile ndiyo iliyokuwa mwalimu wangu.

Baadaye nilihamishiwa vichanjani, yaani kwenye meza ndefu za wavu ambapo kahawa iliyooshwa huanikwa. Kazi ya pale ni kugeuza bila kuchoka, kufunika jua la utosini linapozidi ili ganda lisipasuke, na kuuma punje. Punje mbichi hupokea alama ya jino, iliyokauka hulikataa.

Januari hakuna mavuno. Siku ya kwanza ya kazi katika mwaka mpya tulikuwa tukikaza nyavu, na kila mmoja alisimama mbele ya kichanja chake akatamka neno la mwaka: jambo moja atakalolitimiza kabla Desemba haijaisha. Nilitaja mabati. Mwaka uliofuata nilitaja sare ya kwaya, kisha mbuzi wawili. Vyote nilivipata. Bwana Shamba, aliyekuwa akitutembelea kwa pikipiki, alinisimamisha.

"Mama, kila Januari unataja kitu cha kubebwa kichwani. Wewe mwenyewe utakuwa nani?"

Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka nao, nikaendelea kukaza wavu.

Mjukuu wangu Atupele, anayeyaandika haya, ameniambia kwamba neno lake la mwaka huu ni kupunguza kilo kumi. "Bibi, Tunduma nzima inapunguza mwili!" Nikamuuliza: ukishazipunguza hizo kilo, nani mwingine atakuwa amepata nafuu? Ameninunia, lakini kalamu hajaiweka chini. Aendelee kuandika.

Nilipofanywa mkuu wa vichanja, alikuja Meneja mpya aliyeisomea kazi hiyo chuoni. Aliagiza kila fungu la kahawa liwe na kibao chenye tarehe ya kuoshwa, akakataza kuuma punje. "Huo ni ushamba, Mama Mkuu. Soma kibao." Sikumwambia kwamba sijui kusoma. Aliyenisomea kwa siri alikuwa Sekela, mwenye kichanja cha pili, mama wa watoto watatu waliokuwa shuleni.

"Dada, pita kwangu ukitoka kazini nikufundishe," aliniambia. "Herufi haziumi."

"Mwakani," nilimjibu.

Kila Januari nilitaja mbuzi, na kila Januari Sekela alinitazama akingoja nitaje kusoma.

Kisha ikaja siku aliyoniomba ruhusa akamzike shangazi yake. Nilimruhusu kwa mdomo. Mchana ikashuka mvua isiyo ya msimu, tukakimbiza kahawa ghalani. Mpakiaji mmoja akashika fungu la kichanja cha pili, akaniuliza mbele ya wenzake, "Mama Mkuu, hili limekauka? Tufunge magunia?"

Jino langu lingejibu mara moja. Lakini kuuma kulikuwa kumeitwa ushamba, na wapakiaji walikuwa wakinitazama. Nilikishika kibao, nikakikodolea macho kama msomaji, nikasema, "Limekauka. Fungeni."

Lilikuwa na siku mbili tu tangu lioshwe. Likaota ukungu ndani ya magunia, harufu ikaingia katika shehena yote, na mnunuzi akairudisha. Meneja alituita sote.

"Mwenye kichanja cha pili angekuwa kazini, kahawa mbichi isingefungwa. Sekela, nani alikuruhusu kuondoka?"

Sekela hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi. "Dada?"

Nilinyamaza. Wapakiaji walionisikia walitazama miguu yao, kwa kuwa mimi ndiye niliyewapangia zamu. Sekela alifukuzwa siku hiyo hiyo, akahamia Galula kuponda mawe ya dhahabu.

Tangu hapo kila Januari nilikuwa na maneno mawili. La mdomoni lilikuwa ng'ombe, dirisha la kioo au kiti cha sofa. La moyoni lilikuwa moja: nitakwenda kwa Sekela, kisha nitamwambia Meneja ukweli. La mdomoni nililitimiza kila mwaka. Yule Meneja akahamishwa, akaja mwingine, na mwingine tena. Nikastaafu, nikapewa chupa ya chai na makofi.

Januari ya mwaka jana nilipanda pikipiki hadi Galula. Nilimkuta Sekela ameketi mlangoni, kifua kimeharibiwa na vumbi la mawe, akivuta pumzi kwa kuihesabu. Aliniandalia chai. Nikasema yote.

"Nilijua tangu siku ile," alinijibu. "Nilikungoja miaka mitatu. Pikipiki ikilia njiani, nasema huyo dada amekuja. Halafu watoto wakaacha shule, wakaingia mashimoni. Nikaacha kukungoja."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Nikikusamehe, wewe utalala vizuri. Mimi je? Ungekuja wakati bado ningeweza kurudi kazini." Akanisogezea sukari. "Kunywa, chai inapoa."

Alizikwa kabla ya Pasaka.

Enyi vijana mnaopanga malengo, sisemi nimetulia, kwa maana sijatulia. Nasema tu kwamba mwaka ni chombo kidogo, na anayekijaza mabati na viuno vyembamba hukosa nafasi ya kuweka mtu. Tafuteni kwanza yule anayewangoja. Mwendeeni akiwa bado anasikiliza pikipiki njiani.

Neno langu la mwaka huu nilikwisha kulitimiza. Katika mkutano wa wanachama wa ushirika wenye kituo kile nilisimama, nikasema kwamba kahawa ile niliiharibu mimi, na kwamba Sekela alikuwa na ruhusa yangu. Nilitarajia kuzomewa, nilitamani kuzomewa. Wanachama walitazamana. Mwanamke mmoja aliyeketi mbele, mwenye umri wa mama yake Atupele, akaniuliza kwa heshima kubwa:

"Samahani, Bibi. Sekela ndiye nani?"

Katibu alinishukuru, kisha akatuomba turudi kwenye suala la mbolea.